Nimekuta mkoba wa mbao uliochorwa kwa mkono kwenye belo hapa Mtwara. Fundi anataka kuupiga msasa, mnasemaje?

#1 Pochi za Sokoni (mleta uzi)

Wakuu habari zenu, na wakubwa shikamooni.

Nauza pochi za mitumba hapa Mtwara mjini, huu mwaka wa saba. Wiki iliyopita nilifungua belo nikawa nachambua kama siku zote: za ngozi huku, za plastiki kule, zilizokatika mikanda zinakwenda kwa fundi cherehani. Chini kabisa nikashika kitu kigumu kimeviringishwa kwenye shati la mtoto. Nikajua ni kiatu. Kulikunjua lile shati, natoa kisanduku cha mbao chenye mshikio, bawaba mbili nyuma na kifungo cha chuma mbele. Ni mkoba wa mama wa mtu, wa kwendea kanisani au harusini.

Nimeupima kwa futi ya fundi cherehani: upana sentimita 25, kimo 18, kina 10. Mshikio ni plastiki nzito ya rangi ya asali. Mbele kumechorwa nyumba nyeupe yenye paa jekundu, mti mkubwa uliopukutisha majani, na kwenye tawi wametua ndege watatu wekundu, kila mmoja ana kishungi kichwani na weusi kuzunguka mdomo. Ubavuni kuna maua ya bluu. Ndani umebandikwa karatasi ya mirabamiraba ya kijani, na kwenye mfuniko kuna kioo cha duara. Kando ya kioo, kwa brashi nyembamba sana, kuna herufi mbili na mwaka: 1969.

Hakuna chapa ya kiwanda popote, nimegeuza kila upande.

Sasa, rangi imepauka na juu kuna utando wa njano kama moshi. Kona moja imebonyea. Fundi mbao jirani yangu ameuona akasema nimpe elfu 15, aupige msasa wote, apake vanishi mpya ya kung'aa, "utauza hata laki". Na kuna mteja ameshanipa ofa ya elfu 40 hivihivi ulivyo.

Mimi pochi nauza elfu tano, elfu nane, ikiwa nzuri sana elfu 20. Hesabu yangu ya biashara inaniambia niuze. Lakini huu mkoba nimeulaza nyumbani siku nne, kila nikiuangalia wale ndege nasikia uzito. Nipeni mawazo, hasa wanaojua mbao na wanaojua vitu vya zamani.

#2 Kaskazi na Kusi

Picha mkuu. Uzi wa kitu cha kuchorwa bila picha tunauonaje?

#3 Pochi za Sokoni

Nimejaribu mara tatu, mtandao unanigomea. Nikifika mjini nitaweka.

#4 Mstaafu wa Ligula

Mwanangu, marahaba. Mimi nina jibu jingine kuhusu ulikotoka. Usidhani kila kitu cha kizungu kimekuja na mitumba. Huku kwetu walikuwepo Waingereza wengi wakati wa mradi wa karanga. Walianza 1947, wakafyeka mapori ya Nachingwea, wakajenga reli kutoka Mtwara, na hii bandari yetu ya Mtwara ni matunda ya mradi ule. Karanga hazikustawi, mwaka 1951 serikali yao ikaukatisha, wakaondoka wakiacha vitu vingi majumbani. Nilikuwa mtoto, nakumbuka masanduku, viti vya kukunja, mpaka vyombo vya chai. Huo mkoba unaweza kuwa wa mke wa mmoja wao.

Kuhusu msasa, sioni ubaya. Mbao ni mbao. Ukiisafisha inapendeza.

#5 Pochi za Sokoni

Shikamoo mzee wangu, na ahsante kwa historia, hiyo ya bandari hata mimi nilikuwa siijui vizuri. Ila mzee, mkoba umeandikwa 1969. Hao walikatisha 1951. Na mimi mwenyewe nimeutoa kwenye belo lililofungwa kwa mikanda ya plastiki, pamoja na pochi za miaka hii hii. Kwa hiyo hapo naomba tusameheane. La msasa ndilo bado linanisumbua.

#6 Randa na Patasi (Masasi)

Dada, mimi ni seremala, nipo Masasi. Nisikilize kabla hujampa huyo jirani yako hata shilingi.

Msasa haujui kuchagua. Kwenye ubao uliochorwa, rangi yenyewe ni utando mwembamba kuliko ukucha. Ukipitisha msasa hata ule laini kabisa, mara ya kwanza unatoa vanishi ya njano, mara ya pili umeshatoa mdomo wa ndege. Huwezi kusimama katikati. Akimaliza atakuletea kisanduku kisafi cha mbao, na kisanduku kisafi cha mbao hata mimi nakutengenezea.

Naomba unijibu haya. Kona zake zimeungwaje, kwa meno yanayopishana au kwa misumari? Parafujo za bawaba zina kutu? Na pande zile pana ni ubao mmoja au plaiwudi? Tazama ukingo wa mfuniko, utaona kama kuna matabaka.

#7 Bi Mdogo wa Mikindani

Nimesoma nikakumbuka mlango wa nyumba ya bibi yangu Mikindani. Ulikuwa umechongwa maua na mnyororo kuzunguka miimo yote. Kila Idi likikaribia, wajomba wanaupaka rangi ya mafuta, mwaka huu kijani, mwaka ujao bluu, kwa nia njema kabisa, nyumba ipendeze. Mimi nimezaliwa maua yale yameshajaa rangi, ukipitisha kidole unapata mabonde tu. Bibi ndiye alikuwa ananionesha kwa kidole hapa palikuwa na petali nane, hapa palikuwa na kamba. Kwa hiyo dada yangu, nakuomba usimruhusu akwangue, wala usimruhusu apake. Kuongeza juu nako kunafuta.

#8 Mtu wa Kusini Ughaibuni

Salaam kutoka Marekani, kwetu Lindi. Hapa ninapoishi hii mikoba naijua, naiona kwenye minada ya vitu vya wazee.

Hao ndege ni makadinali. Dume ndiye mwekundu hivyo, ana kishungi na barakoa nyeusi mdomoni. Wanaishi mashariki na katikati ya Marekani mpaka Mexico, hawahami wakati wa baridi, ndiyo maana wachoraji wanapenda kuwaweka kwenye miti isiyo na majani. Majimbo 7 yamemfanya ndege wao rasmi, kuanzia Ohio na Kentucky hadi Virginia. Hilo halithibitishi aliyechora anatoka huko, kwa sababu kadinali yupo kwenye kadi za Krismasi nchi nzima. Lakini Uingereza huyo ndege hayupo porini, kwa hiyo nadhani suala la Nachingwea limekwisha.

Miaka ya 1960 mikoba ya kisanduku ilishika kweli kweli huku. Jina kubwa lilikuwa Enid Collins, mama wa Medina, Texas. Alianza na mumewe, wakatoa mikoba ya turubai na ya mbao yenye picha, juu yake vikabandikwa vito vya rangi vinavyometa. Mwaka 1970 kampuni iliuzwa kwa kampuni nyingine, Tandy. Mikoba ya Collins ina alama: jina, au herufi "ec", au mhuri wa Collins of Texas. Wako hauna alama hiyo na hauna vito, kwa hiyo usiuzwe kwa jina hilo, na mtu akikwambia ni Collins usikubali.

Nionavyo mimi ni kazi ya nyumbani. Maduka ya vifaa vya sanaa yaliuza visanduku vyeupe visivyo na kitu, na bawaba na mishikio pembeni. Mama ananunua, anakaa mezani kwake, anachora mwenyewe, au anakata picha za karatasi anazibandika na kuzifunika kwa vanishi tabaka kwa tabaka mpaka ukingo wa karatasi usisikike kwa kidole. Hiyo ya karatasi ina historia ndefu Ulaya, na miaka ya 60 na 70 ilirudi kwa nguvu.

Kwa hiyo kabla ya kusema "umechorwa kwa mkono" pata lenzi. Picha iliyochapwa ina vidoto vidogo vilivyopangwa kama matundu ya sindano. Iliyochorwa ina mikwaruzo ya nywele za brashi, na rangi imeinuka kidogo pale brashi ilipoanzia au ilipoishia.

#9 Hesabu ni Hesabu

Mimi nasema uza. Elfu 40 kwa kitu ulichokipata kwenye belo, hujui hata utamuuzia nani mwingine Mtwara. Mtaji ukikaa kabatini unakufa. Dada una watoto, una kodi ya meza.

#10 Pochi za Sokoni

Ndugu yangu wa #9, maneno yako nayachukua, na sina hasira. Kodi ya meza nalipa kweli. Lakini mwezi huu imeshatoka.

Nimerudi na majibu. Leo nimemwomba fundi saa wa karibu na soko lenzi yake ile ya kubana kwenye jicho. Tumekaa naye nje kwenye jua. Wakuu, nilivyoona sitaki kusahau.

Ndege wamechorwa. Hilo halina ubishi. Kila unyoya wa mkia ni mpigo mmoja wa brashi, unaanza mnene unaisha mwembamba. Ndege wa katikati, kwenye jicho, kuna tone jeupe dogo kuliko chembe ya chumvi. Mtu alishusha brashi pale mara moja, akainua. Paa la nyumba alilichora kwanza likiwa fupi, halafu akaliongeza, maana wekundu wa chini na wa juu haulingani. Na kwenye njia ya kwendea nyumbani kuna unywele wa brashi umegandia ndani ya rangi tangu 1969.

Lakini maua ya bluu ya ubavuni ni karatasi. Vidoto vimejaa, vya bluu, vya njano na vyekundu, kama ulivyosema kaka wa Lindi. Kwa hiyo huyu mama alifanya yote mawili. Sijui kwa nini hilo limenifurahisha hivi. Nadhani maua yalimshinda, au alichoka, akakata kwenye kalenda. Ndege hakukubali kuwakata, akawachora.

Fundi wa Masasi: kona zina meno yanayopishana, yamebana vizuri bado. Mfuniko una matabaka matatu ukingoni, kwa hiyo plaiwudi. Parafujo mbili zina kutu, moja imelegea. Nimeupima kwenye mizani ya muuza dagaa: gramu 720 pamoja na vyuma na kioo.

Ila kuna jambo. Nilipouinua, kwenye kitambaa cheusi pakabaki unga, kidogo, wa rangi ya maziwa. Na chini ya mkoba kuna vitundu viwili, duara safi.

#11 Randa na Patasi (Masasi)

Huyo ni bungua, dada. Mchwa anataka udongo na unyevu, anajenga njia. Bungua anaishi ndani ya mbao kavu. Lava, yaani mtoto wake, anakula miezi, hata miaka, ukikiona kitundu ujue aliyekomaa ameshatoka. Cha kuangalia ni unga. Unga mweupe unaoendelea kumwagika maana yake ndani bado kuna watu. Funga mkoba huo peke yake usiweke karibu na fremu za kitanda chako.

Usipulize dawa ya mbu, ina mafuta, itaingia kwenye rangi. Usipake mafuta ya ganda la korosho pia, najua huku wengi tunapaka kwenye nguzo na mbao za paa. Yale yanaunguza ngozi na yanaacha weusi usiotoka.

#12 Rangi za Tingatinga

Nimefanya kazi ya kuchora miaka mingi, nikaribishwe.

Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, jirani zetu kabisa hapa, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Angalia huo mkoba ni wa mwaka gani. Mwaka mmoja tu baadaye, huko mbali, mama mwingine naye amekaa na brashi anachora ndege kwenye mbao. Tingatinga alichora kwenye hadibodi kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, kwa sababu ndiyo iliyopatikana. Alifariki 1972. Miaka minne hivi ya kazi. Picha zake za awali mtu akizikuta leo anazishika kwa mikono miwili, na hakuna mwenye akili anayechukua brashi kuongeza chui rangi.

Sasa usafishaji. Utando wa njano ni vanishi ya zamani, ndivyo vanishi nyingi za mafuta zinavyozeeka. Usitumie thina, usitumie petroli, usitumie spiriti. Kama rangi ya chini ni ile ya maji ya kisasa, akriliki, spiriti itailainisha na utabaki na pamba nyekundu mkononi. Chukua pamba, zungushia kijiti, ilowanishe kwa mate yako. Nasema kweli, hata wahifadhi wa makumbusho wanatumia mate, yana kitu kinachoyeyusha uchafu wa mikono na moshi. Anza sehemu iliyojificha, karibu na bawaba. Zungusha pamba, usisugue. Ikitoka nyeusi au ya kahawia endelea, ikitoka na rangi ya picha simama hapohapo. Pale palipopasuka usiguse kabisa, unyevu ukiingia chini rangi inanyanyuka.

Njano iliyobaki iache. Ni umri wake.

#13 Mtu wa Kusini Ughaibuni

Kwa bungua, njia isiyo na dawa ni baridi. Friza ya kawaida inafika nyuzi 18 chini ya sifuri. Funga mkoba kwenye mfuko wa plastiki mzito, toa hewa, ziba kwa utepe wa gundi mara mbili, uweke wiki mbili kamili. Ukiutoa usifungue siku hiyo. Uache ndani ya mfuko mpaka kesho yake, maana hewa ya pwani ikigusa mbao baridi inageuka maji juu ya rangi.

Kioo kitoe kwanza kama kinatoka chenyewe. Na kama kuna mahali rangi imeinuka kama magamba, usijaribu, baridi inaweza kuimalizia. Vidonge vya nafitalini pia usiviweke humo, vinaharibu baadhi ya plastiki, na mshikio wako ni plastiki.

#14 Mstaafu wa Ligula

Mwanangu, nimesoma yote. La msasa nalifuta. Sikujua rangi ni nyembamba hivyo.

#15 Hesabu ni Hesabu

Swali langu ni jingine. Kwa nini tusitengeneze yetu? Wamakonde wapo, mpingo upo, mkoba kama huo wa mpingo mgeni anayeshuka Mikindani hanunui?

#16 Randa na Patasi (Masasi)

Wazo zuri, mti siyo huo. Piga hesabu ya mkoba wa dada. Pande sita ukizijumlisha ni sentimita za eneo 1,760. Ubao wa milimita 6 unakupa ujazo wa sentimita 1,056 hivi. Mpingo mkavu unazama majini, sentimita moja ya ujazo inafika gramu 1.2. Tayari una kilo moja na robo kabla hujaweka bawaba, simu wala funguo. Hakuna mama atakayeubeba sokoni mara mbili. Halafu mpingo unatoka kwenye vigogo vyembamba na vilivyopinda, ubao mpana usio na ufa ni shida kuupata. Mpingo uachwe kwa wachongaji na watengeneza zumari.

Mninga utafaa. Ukubwa huohuo unapata kama gramu 650, hauchezi sana na unyevu wa pwani, na unakubali kukatwa meno. Wazee wa Kimakonde walichonga vikopo vya dawa na tumbaku ya kunusa vyenye mifuniko inayokaa sawasawa bila bawaba, kwa hiyo kisanduku kidogo chenye mfuniko si kitu kigeni kwetu. Nitajaribu kimoja. Akitokea mchoraji.

#17 Rangi za Tingatinga

Mchoraji yupo. Nipe kikiwa hakijapakwa chochote.

#18 Bi Mdogo wa Mikindani

Na mimi nitashona bitana ya khanga ndani, msiweke karatasi.

#19 Pochi za Sokoni

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita.

Mwuza samaki aliniazima kona ya friza yake. Niliufunga mifuko miwili ili harufu isiingie, na haikuingia. Siku 14 kamili. Nilikuwa napita kila jioni kuhakikisha umeme upo, siku moja ulikatika masaa matatu nikakaa pale mpaka ukarudi. Nimeutoa, nikaulaza usiku mzima ndani ya mfuko, asubuhi nikakausha plastiki kwa nje kabla ya kufungua.

Kisha nikaanza na mate. Jioni tatu, nusu saa kila jioni, zaidi ya hapo mkono unachoka na unaanza kusugua. Pamba zilitoka za kahawia kama chai. Nyumba imekuwa nyeupe ya maziwa. Na kule nyuma ya mti, mahali nilipodhani ni uchafu, kumetokea dirisha lenye mwanga wa njano. Mtu alikuwa amewasha taa ndani. Huyo fundi jirani angelipitia na msasa kabla hata hatujajua lipo.

Parafujo iliyolegea nimeirudisha kwa kuchomeka kijiti cha kiberiti kwenye tundu, bila gundi. Zenye kutu nimeziacha. Kona iliyobonyea pia nimeiacha.

Mteja wa elfu 40 alipita juzi. Nilimpa lenzi ya fundi saa, akawaangalia ndege muda mrefu, akaniambia nisiuze. Akanunua pochi ya ngozi ya elfu 18.

Usiku wa jana nimeuweka juu ya karatasi nyeusi, nikaugongagonga chini kwa kidole. Asubuhi karatasi ilikuwa nyeusi tupu. Nitaendelea kuuwekea karatasi kila wiki mpaka mvua za mwaka huu zipite.

Fundi wa Masasi, huo wa mninga ukiwa tayari nipigie. Nataka uchorwe ndege chozi juu ya ua la mkorosho, na ndani ya mfuniko mwandike mwaka.